Chakula cha bata kikikosekana

Gunia likiisha kabla sijapata jingine, huwapa bata wangu chakula cha kuku wanaokua, kisichotiwa dawa. Nikikikosa, nachemsha wali bila chumvi, nauchanganya na mboga za majani zilizokatwakatwa na yai la kuchemsha lililopondwa. Hiyo ni ya siku chache tu.

Vifaranga ndio wananitia wasiwasi. Wanahitaji niasini (vitamini B3) nyingi kuliko vifaranga wa kuku. Ikipungua, miguu hulegea na kupinda. Huwaongezea njegere laini nilizoziponda.

Mkate siwapi, wala parachichi. Chenye ukungu natupa chote, maana sumu yake huua bata upesi.

Maji yawe karibu, ya kuzamisha mdomo hadi puani. Mtazame bata akila: anachota chakula, anakimbilia maji, anarudi. Akiyakosa, hukabwa.