Jinsi ya kutembelea Noyant-d'Allier, kijiji cha ng'ombe kilichokuwa cha makaa ya mawe

Ukifika Noyant-d'Allier usikimbilie makumbusho. Anza na nyumba.

Kijiji kiko katikati ya Ufaransa, kama kilomita 20 kutoka mji wa Moulins. Treni ya kutoka Paris itakushusha Moulins. Kuanzia hapo kodi gari. Njia nzima ni malisho yaliyozungushiwa ua wa miti, na ng'ombe weupe wa Charolais. Hakuna kinachokuambia kwamba chini ya ardhi hii watu walichimba makaa ya mawe.

Halafu utaziona: nyumba za mstari, kimo kimoja, mlango na dirisha vilevile, kila moja na bustani yake ndogo. Mkulima wa huku hajengi hivyo. Nyumba yake hukaa peke yake, na zizi na ghala ubavuni. Mimi nimekulia Mwadui, nyumba za kambi ya mgodi nazitambua kwa mbali. Wachimbaji ndio waliokaa humu, baadhi yao wametoka Poland.

Mgodi ulifungwa mwaka 1943, nyumba zikabaki tupu. Ufaransa iliposhindwa vita vya Indochina, makoloni yake ya Asia yaliyojumuisha Vietnam, kuanzia 1955 serikali ikazijaza kwa familia zilizohamishwa kutoka Vietnam: wanawake wa Kivietnam waliozaa na Wafaransa, na watoto wao. Kwangu hiki ndicho kiini cha safari, kwa hiyo kipe muda. Pita mtaa kwa mtaa kwa miguu. Nenda makaburini usome majina, utafute ya Kipoland na ya Kivietnam. Kisha uende kwenye pagoda, hekalu la Kibudha walilolijenga miaka ya 1980. Vua viatu kabla ya kuingia, na usimpige picha mtu anayesali.

Sasa nenda makumbusho ya mgodi, ukautazame mnara uliokuwa ukishusha na kupandisha watu. Makumbusho hufunguliwa sehemu tu ya mwaka, hivyo piga simu ofisi ya meya kabla ya kusafiri.

Jioni moja kabla ya safari, kaa na kompyuta. Taasisi ya ramani ya Ufaransa, IGN, imeweka bure mtandaoni picha za angani za miaka ya 1950 na 1960, na unaweza kuzilinganisha na za leo. Tafuta mistari iliyonyooka inayokata mashamba, kwani huenda ni njia za reli, na vilima ambavyo havifanani na vilima vya asili. Viwekee alama kwenye simu yako. Ukikuta shimo la zamani au uzio, usiuvuke hata kama umelegea. Ardhi iliyochimbwa hutitia bila taarifa.

Ukikutana na mzee, tanguliza "bonjour" kabla ya neno lolote. Bila salamu hutajibiwa vizuri. Waliofika 1955 wakiwa watoto sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Waulize mama zao walipanda nini kwenye zile bustani, kisha unyamaze usikilize.