Somo: Kuilinda Pumzi ya Mtoto Katika Majira ya Joto, Hatua kwa Hatua

Majira ya joto huwapumzisha wazazi wengi wa watoto wenye pumu. Mafua hupungua, kikohozi cha usiku hutulia, na mtoto aliyekuwa akibanwa kifua mara kwa mara hushinda akicheza bila kulalamika. Utulivu huo ndio unaozaa kosa ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mengine yote nitakayoyataja: dawa ya kinga huwekwa kabatini na haishikwi tena hadi mtoto abanwe. Katika nchi za kaskazini mwa dunia imejulikana kwa miaka mingi kwamba idadi ya watoto wanaofikishwa hospitalini kwa sababu ya pumu hupanda ghafla mwezi Septemba, muda mfupi baada ya shule kufunguliwa, wakati virusi vya mafua vinapozikuta njia za hewa zimekaa likizo nzima bila kinga. Kwa hiyo somo hili lina kazi mbili, yaani kumkinga mtoto na madhara ya msimu wenyewe, na kuutumia msimu huu kuyaandaa mapafu yake kwa msimu unaofuata. Walengwa wa kwanza ni wazazi wa watoto wenye pumu, ingawa hatua nyingi zinamhusu mtoto yeyote.

Ni vizuri kuelewa kwanza kwa nini mtoto huzidiwa haraka kuliko mtu mzima. Sehemu nyembamba ya njia ya hewa ya mtoto mchanga ina kipenyo cha takriban milimita 4. Ukuta wake ukivimba kwa milimita 1 tu pande zote, kipenyo hubaki milimita 2, nafasi ya kupitishia hewa hupungua hadi robo, na ukinzani dhidi ya hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16. Uvimbe wa kiasi hichohicho kwa mtu mzima huweza kuishia kwenye sauti ya kukwaruza.

Hatua ya kwanza: Ijue pumzi ya mtoto akiwa mzima

Mhesabie mtoto pumzi akiwa ametulia au amelala, kwa dakika nzima, kwa kutazama kifua au tumbo linavyopanda na kushuka. Kuhesabu kwa sekunde 15 kisha kuzidisha kwa nne hupotosha, kwa sababu watoto wadogo hupumua bila mpangilio ulio sawa. Kwa mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa anapumua haraka anapofikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5. Ziandike hesabu za siku za uzima, kwa kuwa mzazi anayejua kawaida ya mwanawe huona mabadiliko mapema.

Hatua ya pili: Dawa ya kinga isiende likizo

Watoto wengi wenye pumu hupewa dawa za aina mbili. Moja hufungua kifua kwa haraka, mfano wake ukiwa ni salbutamoli, na matokeo yake huonekana ndani ya dakika chache. Nyingine, yaani dawa ya kinga, ambayo kwa kawaida ni steroidi ya kuvuta kwa mdomo, hupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa taratibu, siku baada ya siku, na manufaa yake kamili huja baada ya wiki kadhaa. Kwa kuwa haileti nafuu ya papo hapo, mtoto hahisi tofauti siku anapoiacha, naye mzazi hushawishika kuamini kwamba haikuwa na kazi. Uvimbe, hata hivyo, hurudi kimyakimya.

Sisemi kwamba dozi haipaswi kupunguzwa kamwe. Mtoto aliyekaa miezi miwili au mitatu bila dalili anaweza kupunguziwa, na msimu tulivu unaweza kuwa wakati mwafaka wa kufanya hivyo, lakini uamuzi huo ni wa daktari na hufanywa kwa ngazi, wala si katika wiki ambayo familia inasafiri au shule inakaribia kufunguliwa. Omba miadi mwanzoni mwa likizo. Nenda na inhela zote, yaani vifaa vya kuvutia dawa, mwombe mhudumu amtazame mtoto akivuta dawa, na usiondoke bila mpango ulioandikwa unaoeleza dawa za kila siku, dalili za kuzidiwa, na la kufanya dalili hizo zikitokea. Nakala moja ya mpango huo ikae kwa yeyote atakayebaki na mtoto wakati wa likizo, akiwemo bibi au shangazi.

Hatua ya tatu: Itunze inhela, na uitumie ipasavyo

Inhela nyingi za kopo huhitaji kuhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani, joto huweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 katika dakika 10 za mwanzo na kuendelea kupanda. Kopo lenye hewa iliyoshindiliwa halipaswi kuachwa humo, na mtoto asiachwe humo hata kwa dakika moja. Inhela za unga adui yake ni unyevu, hivyo hazifai kuwekwa bafuni. Unaposafiri, beba dawa kwenye mkoba unaokaa nao.

Mtoto atumie inhela ya kopo pamoja na spesa, yaani kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya kopo na mdomo, na mtoto mdogo asiyeweza kufumba midomo vizuri kwenye mdomo wa chombo atumie chenye barakoa. Tikisa kopo, liingize kwenye spesa, bonyeza mara moja tu, kisha mwache avute na kutoa pumzi za kawaida takriban tano. Kama anahitaji mpulizo wa pili, subiri kati ya nusu dakika na dakika moja, tikisa tena, urudie. Kubonyeza mara mbili mfululizo ni kupoteza dawa, kwani sehemu kubwa huishia kwenye kuta za chombo. Baada ya dawa ya steroidi asukutue mdomo na kutema, la sivyo anaweza kupata utando mweupe wa fangasi mdomoni. Spesa ioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni angalau mara moja kwa mwezi, kisha iachwe ikauke yenyewe; kuifuta kwa kitambaa huleta umeme tuli unaoifanya dawa ing'ang'anie kwenye plastiki.

Hatua ya nne: Chagua saa ya kucheza nje

Mtoto mwenye pumu anapaswa kukimbia na kucheza kama wenzake, na kumfungia ndani msimu mzima humdhoofisha. Kinachohitajika ni kuchagua saa. Gesi ya ozoni iliyo karibu na ardhi haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari, bali hutengenezwa pale jua kali linapozifanya gesi za oksidi za nitrojeni zimenyuke na mvuke wa kemikali na mafuta. Ndiyo maana hupanda kadiri siku inavyopamba moto, ikafikia kilele alasiri na mwanzoni mwa jioni. Gesi hiyo huziwasha na kuzivimbisha njia za hewa, kwa hiyo katika siku za joto kali zisizo na upepo mchezo wa nguvu hufaa kufanyika asubuhi.

Hapa pana mgongano, kwa sababu chavua za nyasi, yaani unga wa maua yake, mara nyingi huanza kutawanyika asubuhi hiyohiyo. Mzazi hana budi kujua ni lipi linalomsumbua mtoto wake zaidi. Mwenye mzio wa chavua abadilishe nguo na kuoga baada ya kucheza, na shuka zake zisianikwe nje siku ambazo chavua ni nyingi. Radi na dhoruba zichukuliwe kwa uzito pia. Mnamo tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ilipita katika jiji la Melbourne, Australia, wakati hewa imejaa chavua za nyasi. Unyevu ulizipasua kuwa chembe ndogo zinazoweza kufika ndani kabisa ya mapafu, maelfu ya watu walihitaji matibabu kwa siku moja, na watu 10 walifariki. Baadhi ya walioathirika hawakuwahi kuambiwa kuwa wana pumu, bali walikuwa na mafua ya mzio tu. Dhoruba ikinukia katika msimu wa chavua, mwingize mtoto ndani na ufunge madirisha.

Moshi wa mioto ya misitu hubeba chembe ndogo kuliko maikromita 2.5, na hizi hupita pua na koo bila kuzuiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa chembe hizo hewani kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo. Siku ya moshi, michezo ihamie ndani.

Hatua ya tano: Hewa ya ndani ya nyumba

Safisha vichujio vya kiyoyozi na mapanga ya feni kabla ya kuviwasha kwa mara ya kwanza. Unyevu wa ndani ukizidi asilimia 50 kwa muda mrefu, utitiri wa vumbi hustawi, na kuvu hufuata. Sigara isivutwe ndani wala kwenye gari. Jambo linalosahaulika zaidi ni dawa ya mbu ya kuchoma: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uligundua kuwa kipande kimoja cha mzunguko kikiungua chote huweza kutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua na nyavu za madirishani hufanya kazi hiyo bila moshi.

Hatua ya sita: Kuogelea

Hewa yenye unyevu huwafanya watoto wengi wenye pumu wauvumilie mchezo huu. Harufu kali inayodhaniwa kuwa ni ya usafi hutokana hasa na kloramini, ambazo huundwa klorini inapokutana na jasho na mkojo, na ndizo zinazowasha macho na kifua. Kila mtu aoge kabla ya kuingia, na bwawa la ndani lenye harufu hiyo na hewa nzito liepukwe.

Hatua ya saba: Zijue dalili zisizongoja

Mpeleke mtoto hospitali mara moja ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, matundu ya pua yanatanuka, anaguna kila anapotoa pumzi, hawezi kunyonya, kunywa au kumaliza sentensi, amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, au ulimi na fizi zimegeuka rangi ya bluu au kijivu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi tazama ulimi, fizi na kucha kuliko uso. Mtoto aliyekuwa akitoa mluzi kifuani kisha mluzi ukakoma huku bado anahangaika hajapona. Huenda hewa inayopita imekuwa kidogo mno kutoa sauti.

Ukiwa njiani au unasubiri msaada, mketishe wima na ufuate mpango wake. Huduma ya kwanza inayofundishwa Australia ni rahisi kukumbuka: mipulizo 4 ya dawa ya kufungua kifua kupitia spesa, mmoja mmoja, kila mmoja kwa pumzi 4, kisha kusubiri dakika 4 na kurudia asipopata nafuu, na kuita gari la wagonjwa hali isipobadilika.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, asante kwa somo. Nimesikia kwamba steroidi za kuvuta hudumaza watoto. Je, ni kweli?

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, ila imekuzwa. Steroidi hizi huweza kupunguza kasi ya kukua, hasa katika mwaka wa kwanza, na utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto hadi utu uzima, ukachapishwa mwaka 2012, ulikuta tofauti ya takriban sentimita 1.2 ya urefu. Pumu isiyodhibitiwa nayo huathiri ukuaji, tena huua. Mwombe daktari atumie dozi ndogo kabisa inayotosha na ampime mtoto urefu katika kila miadi.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu analala mdomo wazi na kukoroma hata katika joto hili ambapo hana mafua. Nifanye nini?

Marahaba. Kutokuwa na mafua ndiko kunakofanya swali lako kuwa muhimu, maana kukoroma kwa mtoto usiku mwingi wa juma bila mafua kunahitaji uchunguzi. Huenda nyama za nyuma ya pua au mafindofindo yamekua, au pua imevimba kwa mzio. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, hasa akikata pumzi kisha akashtuka, na umwonyeshe daktari. Likizo ni wakati mzuri, kwa kuwa matibabu yanaweza kufanyika bila kumkosesha masomo.

Mtoto alimeza maji akiogelea, na jirani akanitisha kwamba anaweza kuzama akiwa nchi kavu siku kadhaa baadaye.

Dada, maneno hayo si istilahi ya kitabibu. Mtoto aliyekunywa maji, akakohoa kidogo na kurudi kucheza hana hatari hiyo. Lakini aliyetolewa majini akiwa amezimia, au anayeendelea kukohoa, kuhema au kulegea katika saa zinazofuata, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Je, kumfukiza kwa mvuke wa maji ya moto husaidia kifua kikibana?

Haifungui njia za hewa zilizobanwa na pumu, na watoto wengi wameungua vibaya kwa namna hiyo. Pua iliyoziba inaweza kusaidiwa kwa matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa maalumu.

Barakoa za kitambaa zinafaa siku za moshi?

Hazizuii chembe laini kwa kiwango cha maana, na hakuna barakoa ya kitambaa inayozuia ozoni. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe barakoa yoyote. Fungeni madirisha, mkae chumba kimoja chenye kisafisha hewa kama kipo, na msipike kwa kukaanga siku hiyo.

Shule zikikaribia kufunguliwa nianze lini kumrudishia dawa aliyokuwa ameiacha?

Mwone daktari sasa, usingoje wiki ya mwisho. Dawa ya kinga huhitaji wiki kadhaa ili ifanye kazi kikamilifu, na mtoto anatakiwa awe nayo mwilini kabla ya kukutana na mafua ya darasani.