Biskuti za jeshi: jinsi ya kujua kama bado nzima na jinsi ya kuzila bila kukwama kooni

Juzi binamu yangu wa Likoni kanipigia simu, amepata boksi la MRE (chakula cha jeshi la Marekani kilichopakiwa tayari kuliwa) kutoka kwa jamaa aliyerudi kutoka Marekani, akafungua akakuta zile biskuti za mraba, akazitafuna hivyohivyo kavu. "Bro, hivi vitu vimeharibika? Ni kama natafuna kadibodi." Nikacheka sana. Nikamwambia hazijaharibika, ndivyo zilivyo. Mimi nimezila miaka minne nikiwa jeshini kule Texas (Wakenya tuko wengi humo, usishangae) na kitu watu wengi hawaelewi ni kwamba ule ukavu wanaoulalamikia ndio ubora wenyewe. Biskuti ya jeshi ikiwa laini, hapo ndio uanze kuogopa.

Sasa ukiipata, usianze na kuonja. Anza na namba. Kwa boksi na kwa pakiti utaona namba nne, mfano 5103. Ya kwanza ni mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya mwaka, kwa hivyo hiyo ni siku ya 103 ya mwaka unaoishia na 5, yaani 13 Aprili. Shida iko hapo hapo, mwaka gani, 2025 ama 2015? Namba haikwambii na muuzaji naye atakwambia anachotaka, kwa hivyo angalia boksi lenyewe, kuna tarehe ya ukaguzi ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu baada ya kupakiwa. Kama unauziwa pakiti mojamoja bila boksi, mwombe bei ya kubahatisha maana kweli unabahatisha. Na by the way boksi lenyewe limeandikwa kwamba ni mali ya serikali ya Marekani na kuliuza ni kinyume cha sheria, lakini hayo ni ya muuzaji na roho yake.

Tarehe pia isikudanganye, adui mkubwa ni joto. Kiwango wanachowekewa watengenezaji ni chakula kikae miaka 3 kwenye nyuzijoto 27, lakini ikifika 38 wanahesabu miezi 6 tu. Sasa fikiria kontena limekaa bandarini Mombasa mwezi wa pili, ama boksi liko chini ya bati. Mimi mwenyewe niliacha boksi kwa buti ya gari kiangazi kizima, Texas ile joto yake si mchezo, nikaja kufungua tarehe bado iko sawa kabisa lakini biskuti zinanuka mafuta yale ya viazi karai yaliyokaangiwa wiki nzima bila kubadilishwa. Nje ya boksi huwa kuna stika ndogo yenye duara mbili, moja ndani ya nyingine. Ile ya ndani inaanza ikiwa nyepesi halafu inazidi kukolea kadiri joto na muda vinavyoenda. Ikishakuwa nyeusi kuliko ile ya nje, achana na boksi hilo. Stika ikiwa imebanduliwa, jiulize ni nani aliibandua na kwa nini.

Baada ya hapo shika pakiti yenyewe. Pakiti ya biskuti za MRE imenyonywa hewa, foili imegandamana na biskuti mpaka unaona mistari yake kwa nje. Ukiibonyeza na ukute ina hewa inacheza ndani, kuna tundu mahali, hata kama hulioni. Hewa ya pwani ikiingia, unyevu umeingia nayo.

Fungua, vunja moja sikio likisikiliza. Lazima ilie, kah! Ikipinda kwanza kabla ya kuvunjika, imelegea. Kulegea peke yake hakuui mtu, lakini ukiona na madoa ama harufu ya uvundo usijaribu kuwa mwanaume, tupa. Halafu nusa. Biskuti nzuri inanuka unga tu, karibu haina harufu. Ikinuka rangi ya ukuta ama mafuta yaliyochacha, hiyo imeisha. Hizi za Marekani wameweka mafuta ndani ndio zisivunje meno, na mafuta hayohayo ndio yanakuja kuchacha baadaye. Zile za zamani kabisa, za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe 1861 mpaka 1865, zilikuwa unga na maji basi, askari anapewa kama tisa au kumi kwa siku na lazima azivunje kwa kitako cha bunduki. Hazikuchacha, lakini wadudu walizipenda, kwa hivyo walikuwa wanazitumbukiza kwa kahawa ya moto, wadudu wanaelea juu, wanaengua, wanakunywa. Ukiona zako hazina ladha kumbuka hao jamaa.

Kuvunjikavunjika si ubovu. Mkoba umerushwa, umekaliwa, umelaliwa, utapata unga badala ya biskuti na unga huo una kazi yake, nakuja.

Kula sasa. Sheria ya kwanza: maji kwanza, funda moja kabla ya kuweka chochote mdomoni. Kambini tulikuwa na ubishi, kula zote mbili za pakiti moja kwa dakika mbili bila tone la maji. Inaonekana rahisi, mimi nilijaribu nikabaki na simenti mdomoni na watu wakicheka. Wajapani walishaliona hilo zamani, biskuti zao za jeshi wanaziita kanpan na ndani wanatia vipipi vidogo vya sukari ili mate yatoke. Kwa hivyo kama huna cha kupaka, mumunya pipi ama kipande cha sukari guru kwanza, inasaidia kweli.

Kama cha kupaka ni pinati bata, ikande ikiwa bado ndani ya pakiti, dakika nzima, maana mafuta yamepanda juu na ukifungua bila kukanda yanakumwagikia suruali. Kukiwa na baridi iweke ndani ya shati kwanza. Jibini ya pilipili ndio dhahabu ya kambi, pakiti yake moja unabadilishana na karibu chochote. Paka mpaka kwenye ncha, funika na biskuti ya pili. Ule unga uliovunjika mwaga kwa maharage ama mchuzi wowote mwepesi, unakuwa mzito vizuri.

Na chai, jamani. Sisi watoto wa pwani tumelelewa na mkate wa mofa, kitu kigumu unakichovya mpaka kinyamaze. Hizi za MRE zinanyonya haraka, hesabu mpaka tatu utoe la sivyo unatafuta kijiko. Zile za Wajerumani, ambazo askari wao wanaziita bamba la kifaru (kile cha vita, si mnyama), ziache zikae.

Ukitaka kujitengenezea zile ngumu za zamani, ni rahisi kuliko chapati. Unga mweupe vikombe vitatu, chumvi vijiko viwili vya chai, maji kama kikombe kimoja ukiongeza kidogokidogo, ukande uwe mkavu kuliko wa chapati, usinate mkononi. Usitumie atta, ule una mafuta yake ya asili na utachacha mapema. Wala usitie Blueband, najua unataka kutia. Sukuma unene wa sentimita moja, kata miraba, toboa matundu kwa msumari safi mistari minne kwa minne mpaka chini, mvuke upate pa kutokea la sivyo inavimba katikati kama mandazi na unyevu unabaki ndani. Oveni nyuzi 190, nusu saa, geuza, nusu saa nyingine. Kama ni jiko la makaa, moto chini kidogo na juu ya kifuniko, ila uvumilie zaidi.

Halafu hapa ndio wengi wanaharibu, wanazitoa zikiwa na joto wanafunga kwa mkebe. Ziache wazi zipoe kabisa, kisha zirudishe kwa oveni ya moto mdogo saa moja zaidi. Vunja moja uangalie katikati, ikiwa na rangi ya unga mbichi bado, rudisha zote.