Uzuri wa hesabu usioonekana kwa macho: anza na vijiwe

Usiogope, hata mimi hesabu zilinitoa jasho shuleni. Weka kijiwe 1 mezani. Ongeza 3 kwa kukizungushia pande mbili, kama kona ya ukuta: una mraba wa 4. Zungushia 5, vinakuwa 9. Zungushia 7, vinakuwa 16.

Sasa fumba macho uendelee kichwani: 9 zaidi, 25. Hapo ndipo nilipoduwaa usiku mmoja. Vijiwe havipo tena, lakini mraba bado unakua, na hautakoma. Tulia hapo hapo, usikimbilie kalamu.

Ukitaka mwenzako naye auone uzuri huu, usimsifie kabla (mimi huwa nasahau, naharibu). Mpe vijiwe, nyamaza. Mwanangu alipofika kuzungushia vijiwe 11 aliacha kuhesabu, akatazama dari, akacheka peke yake.