Jinsi ya Kupinga Shtaka la Kuendesha Gari bila Uangalifu Baada ya Kugonga Gari kwa Nyuma Nchini Kenya

Katika barabara za Kenya, dereva aliyemgonga mwenzake kwa nyuma huhesabiwa mkosaji hata kabla afisa wa trafiki hajafika, na wengi wanaoshtakiwa chini ya Kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki hukiri upesi ili walipe faini na kurejea kazini. Ningemsihi kila dereva anayeamini kwamba hakukosea asifanye hivyo. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu ya hatia iliyo ya mwisho kuwa ushahidi usiopingika katika kesi ya madai, kwa hiyo majeruhi akija kudai fidia, utabaki kubishania mgao wa lawama tu.

Utetezi huanza pale pale ajalini. Ikiwa ni salama, piga picha kabla magari hayajasogezwa: alama za breki kwenye lami, vipande vya taa vilivyotawanyika, na hasa taa za nyuma za gari lililokuwa mbele. Lori lililokwama usiku bila taa wala pembetatu za tahadhari, au matatu iliyosimama ghafla mahali pasipo na kituo ili kubeba abiria, ni jambo ambalo hakimu atahitaji kuliona kwa macho. Chukua nambari za simu za mashahidi, piga ripoti kituoni, uandike nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na uombe abstrakti ya polisi, yaani muhtasari rasmi wa ajali. Hata abstrakti ikikutaja kuwa wa kulaumiwa, hayo ni maoni ya polisi, wala si uamuzi wa mahakama. Video ya kamera ya garini itunze katika kifaa chake cha asili, kwa sababu Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi hiyo ya kielektroniki ilivyopatikana.

Shtaka husomwa kwa lugha unayoielewa, na Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya mkalimani bila malipo. Ukisomewa, jibu «Si kweli», kisha omba dhamana, na ukilipa pesa taslimu uhifadhi risiti. Siku hiyo hiyo mwombe hakimu aamuru upewe taarifa za mashahidi, mchoro wa eneo la ajali na ripoti za ukaguzi wa magari yote mawili, kwa kuwa Ibara hiyo hiyo inakupa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yako.

Mara nyingi kesi hizi huamuliwa wakati wa kumhoji afisa aliyechora mchoro. Mara nyingi huyo hakuwepo magari yalipogongana, na alichokiandika alikipata kwa kusimuliwa. Usibishane naye, bali muulize maswali mafupi, kila moja likibeba jambo moja tu: je, aliiona ajali? Alipima umbali gani, na kwa kifaa gani? Mahali pa mgongano alipatambuaje? Je, taa za breki za gari la mbele zilijaribiwa? Kama abiria hawakuandikisha taarifa, kwa nini? Upande wa mashtaka ndio wenye jukumu la kuthibitisha, bila kuacha shaka ya msingi, ni uangalifu gani uliokosekana. Kugongana peke yake hakutoshi.

Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi wake, hakimu huamua kama wewe una kesi ya kujibu, yaani kama ushahidi uliotolewa unatosha kukutaka ujitetee. Ukionekana unayo, unaweza kujitetea kwa kiapo na kuhojiwa, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza. Kwa maoni yangu, mwenye maelezo thabiti achague kiapo, kwa sababu maneno yaliyopita katika maswali ya mpinzani huwa na uzito mkubwa zaidi. Ikiwa kuna aliyekufa au kujeruhiwa vibaya, tafuta wakili tangu mwanzo.

Ukipatikana na hatia una siku 14 za kukata rufaa, na siku hiyo hiyo ya hukumu omba nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi. Aliyekiri mwenyewe, kwa mujibu wa Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, hawezi kupinga hatia hiyo katika rufaa, isipokuwa ukubwa au uhalali wa adhabu.