Arosto ikikushika usipigane nayo, kaa uiangalie

Watu wengi wakisikia meditesheni wanadhani ni kufuta mawazo yote kichwani, jamani hiyo haipo, na ukiitafuta hiyo utaacha siku ya pili tu. Tunachotaka hapa ni kuzoea kuiona arosto, yaani hamu ya pombe au madawa ya kulevya, bila kuitii.

Anza siku ambayo huna arosto, asubuhi, dakika 5 zinatosha. Kaa kwenye kiti, sikia pumzi ikiingia na kutoka puani. Akili itatoroka, irudishe, itatoroka tena, irudishe tena bila kujitukana, zoezi lenyewe ndo hilo la kurudisha.

Sasa hamu ikija, hapa ndo penye kazi. Ukikaa unajiambia "sitaki sitaki" inazidi kukuganda, kwa hiyo itafute mwilini iko wapi: labda mate yanajaa mdomoni, taya umezikaza, kifua kimebana, viganja vinatoka jasho. Chukua sehemu moja, tuseme kifua, uvute pumzi taratibu huku unaangalia kinabana zaidi au kinalegea. Utaona inapanda, inapanda mpaka unahisi huwezi tena, halafu inaanza kushuka yenyewe kama wimbi, mara nyingi ndani ya nusu saa, na chupa hujaigusa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, ndiye aliyeieneza njia hii ya kulipanda wimbi, baadaye yeye na wenzake wakatengeneza programu ya wiki 8 ya kusaidia watu walioacha wasirudie kutumia.

Ukifumba macho zikakujia kumbukumbu mbaya, fumbua, sikia nyayo zako sakafuni, au tembea polepole tu, nayo ni meditesheni.

Ila tafadhali sana, kama unakunywa sana kila siku, au umezoea vidonge vya usingizi kwa muda mrefu, usikate ghafla ukitegemea pumzi. Mwili unaweza kuingia degedege na watu wanakufa kwa hilo, muone daktari kwanza akupunguzie kwa mpango, meditesheni iende sambamba na matibabu.

Na ukiteleza usijifungie ndani na aibu, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo. Kama ni heroini jua kwamba kipimo ulichozoea zamani sasa kinaweza kukuua maana mwili umeshakisahau. Kesho asubuhi rudi kwenye kiti kilekile, dakika 5.