Somo: kufuata nishati kutoka juani mpaka kwenye sahani ya dagaa, mfano Ziwa Victoria

Habari zenu wadau. Wiki hii nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili, topiki ya mnyororo wa chakula, na kosa ni lilelile la kila mwaka, mtoto anataja majina yote vizuri lakini ukimuuliza nishati imeenda wapi anakaa kimya. Kwaiyo leo nalileta hatua kwa hatua, na mfano ni ziwa letu, maana kwenye vitabu ni simba na swala kila siku na wengi wetu simba hatujawahi kumuona ila dagaa tunakula kila wiki. Chukua peni na karatasi tuanze.

HATUA YA 1. Mtafute aliyeushika mwanga wa jua. Ziwani huyo ni mwani, ule ukijani unaouona maji yakitulia. Chota maji ya ufukweni kwenye glasi safi, inua juu uangalie dhidi ya jua, utaona vitu kama unga wa kijani vinaelea. Hilo ndo jiko la ziwa zima. Mwani unachukua mwanga, maji na kaboni daioksaidi unatengeneza sukari, ndo usanisinuru wenyewe. Na hasara inaanza hapohapo, kwenye mwanga wote unaopiga maji mwani unashika kama asilimia 1 tu, mwingine unarudi angani na mwingine unapasha maji joto basi.

HATUA YA 2. Andika nani anamla nani alafu weka mishale (vijidudu hapa ni wanyama wadogo sana wanaoelea majini, siyo bakteria):

mwani → vijidudu vya majini → dagaa → sangara → mtu

Hapa ndo wengi wanapoteza maksi. Kichwani mtoto anasema "dagaa anakula kijidudu" basi anachora mshale unatoka kwa dagaa kwenda kwa kijidudu. Mshale unaonyesha nishati inakwenda wapi, na nishati inakwenda kwenye tumbo la aliyekula. Ukikwama jiulize, baada ya kula nani kashiba? Kichwa cha mshale kielekee kwake.

HATUA YA 3. Weka namba. Kanuni ya kufanyia hesabu ni kwamba kila ngazi inapata kama asilimia 10 ya ngazi iliyo chini yake, uhalisia unacheza, mara 5 mara 20, ila 10 inarahisisha. Mwani ukiwa na kilokalori 10,000, vijidudu wanapata 1,000, dagaa 100, sangara 10, na wewe unayekula sangara unabaki na 1. Soma tena. Elfu kumi kule chini, moja kwako.

Aliyeipa hii kitu mahesabu ni Mmarekani Raymond Lindeman, alikaa miaka akichunguza kiziwa kidogo cha Cedar Bog kule Minnesota, makala yake ikatoka 1942, mwenyewe akiwa keshafariki miezi kadhaa kabla, hajafika hata miaka 27. Mi huwa nawaambia vijana wangu habari hii kila mwaka, waone kwamba kiziwa kidogo tu kinatosha kumfundisha mtu jambo kubwa.

HATUA YA 4. Ile asilimia 90 isiyopanda ngazi imeenda wapi? Usiandike tu "imepotea", mwalimu atakukata. Angalia mtoto wa nyumbani kwako, tangu mwaka uanze kala madebe mangapi ya unga na kaongezeka kilo ngapi? Mbili labda. Unga mwingine umeenda kwenye kukimbia, kupumua, moyo kudunda, mwili kuwa wa moto, mwingine umeenda chooni. Dagaa naye ni hivyohivyo, anaogelea kutwa kufuata vijidudu, anatumia nishati, inatoka mwilini kama joto linaingia majini na hakuna kiumbe anaweza kulila hilo joto. Alafu wapo dagaa wengi tu wanaokufa bila kuliwa na sangara yeyote. Kwaiyo andika: upumuaji na joto, kinyesi, na wasioliwa.

HATUA YA 5. Waozeshaji wasisahaulike. Bakteria na kuvu wanavunja kinyesi na mizoga, virutubisho vinarudi majini mwani unavitumia tena. Tofautisha hapa, virutubisho vinazunguka, nishati haizunguki, inapita mara moja tu, ndo maana jua lazima liwake kesho tena.

HATUA YA 6. Unganisha minyororo uwe utando. Kuna siku mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nilisimama pembeni ya mama mmoja anapasua sangara, tumboni mlitoka uduvi kibao na sangara mdogo wa kama kidole. Yani yeye yuko ngazi mbili kwa wakati mmoja, kwa uduvi na kwa mwanae. Na utando ukivurugwa unajipanga upya: sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, kufika miaka ya 1980 akawa amejaa na wale furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, mamia ya aina, wengi wakatoweka. Kuna furu walikuwa wanakula mwani, wengine konokono, wengine wadudu, kila mmoja na njia yake ya kupitishia nishati. Zile njia zikafungwa, nishati ikaelekea kwa dagaa na uduvi wakaongezeka sana. Mimi hii inaniuma kwasababu wazee wanaotaja majina ya furu kwa lugha zetu wanapungua na mtoto wa leo hawezi kukuonyesha hata mmoja.

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Ukerewe: Ticha shikamoo. Kwaiyo nikila dagaa napata zaidi kuliko nikila sangara?
Jibu: Marahaba. Tofautisha, kilo ya sangara kwenye sahani yako ni chakula kizuri tu. Tunaongelea ziwa linaweza kulisha watu wangapi. Mwani uleule wa 10,000 ukipitia dagaa moja kwa moja hadi kwa mtu unabaki 10, ukipitia sangara unabaki 1. Na sato akila mwani wenyewe, mwani → sato → mtu, inabaki 100. Umeruka ngazi, umeokoa nishati.

Mfugaji: Mi nawapa kuku dagaa wale wa mchangani, nakosea?
Jibu: Hukosei, dagaa wenye mchanga watu hawawataki mezani na kuku anahitaji protini. Ila jua kuku ni ngazi nyingine umeongeza, tena yeye anajipasha mwili kama nyuzijoto 41 usiku na mchana, nishati nyingi inaishia hapo, samaki hana gharama hiyo. Dagaa safi wa kuliwa usimpe kuku, jazia kwa mashudu ya alizeti.

Mwanafunzi: Kitabu kinasema piramidi inaweza kupinduka, mbona ww unasema juu lazima wawe kidogo?
Jibu: Piramidi ni ule mchoro wa ngazi zetu, mwani chini, mlaji wa mwisho juu. Piramidi ya idadi inapinduka, mwembe mmoja viwavi elfu. Ya uzito pia inaweza majini, ukipima siku moja mwani unaweza kuwa na uzito mdogo kuliko vijidudu wanaoula. Ni kama mama wa chai mwenye sufuria dogo anayechemsha mara ishirini kwa siku, ukipita saa nne unaona sufuria dogo unajiuliza analishaje watu wote wale. Mwani unajigawa haraka, unaliwa unazaliwa mwingine. Piramidi ya nishati ndo haipinduki kamwe, kwasababu inahesabu chai yote ya siku nzima.

Mdau wa Geita: Na sumu kama zebaki, nayo inapungua kwa kumi kila ngazi?
Jibu: Hapana na swali lako ni zito. Nishati inatoka kama joto, zebaki inatoka mwilini polepole mno, nyingi inabaki kwenye nyama. Dagaa anakula vijidudu wengi anabaki na zebaki yao, sangara anakula dagaa wengi anabaki na ya wote. Nishati inapungua kwenda juu, sumu inajikusanya kwenda juu. Ndo maana kwenye kuchenjua dhahabu maji ya zebaki yasifike mtoni hata kidogo.

Mvuvi: Magugu maji nayo ni kijani, si yanaongeza chakula ziwani?
Jibu: Kaka yanashika mwanga kweli, lakini angalia chini yake. Pale yalipotanda mwanga haufiki, mwani hauwezi kufanya kazi, na samaki wa kuyala hayo magugu ni wachache mno. Yakioza bakteria wanamaliza oksijeni, ndo ile unaona samaki wanatweta juu ya maji asubuhi. Nishati ipo, ila imeenda kwa waozeshaji, kwenye nyavu yako haiji.